Sauti ya Sajenti wa Redio

Sajenti wa redio hakujua kunong'ona. Hata nyumbani, mkewe akimwomba chumvi, humjibu "Nimekupata!" kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Redio za zamani ndizo zilizomlea hivyo: zilikoroma, zikakwaruza, na usipozipigia kelele hazikufikishi popote. Basi ilipoletwa mitambo mipya, yenye skrini za kugusa na mawasiliano ya siri ambayo adui hawezi kuyadukua, kapteni wake alimsihi sana. "Sajenti, taratibu. Hii inasikia hata ukipumua." "Sawa, afande!" alinguruma, na kapteni akaziba sikio.

Siku ya zoezi, wakubwa walikaa na darubini zao kuipima hiyo mitambo. Kikosi kilijibanza kichakani. Waliopewa kazi ya kuwa adui walikuwa ng'ambo ya bonde. Kapteni, roho juu, akamnong'oneza sajenti amri ya kupeleka. Sajenti akafuta kipaza sauti kwa kiganja, akakipuliza mara mbili kama kawaida yake, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika. "TUNASHAMBULIA KUSHOTO, NYUMA YA KISIMA!" Ndege wakatimka mitini. Kisha kutoka ng'ambo ya bonde, bila redio yoyote, likaja jibu la mtu aliyezungushia viganja mdomoni: "Tumekupata! Karibuni!" Kapteni akaketi chini, kichwa mikononi. Sajenti akamgeukia, uso umemchanua. "Afande, mtambo huu ni kiboko! Jibu limeingia safi, hata mkwaruzo hamna!"