Mguu wa Mkaratusi

Kazi yangu ni kutengeneza chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayobeba mizigo mikubwa kuliko punda. Natumia panga, tezo, patasi na msumeno mmoja niliounoa hadi meno yamebaki kama ya bibi kizee. Gurudumu nalichonga kwa mti mgumu na kulivalisha mpira wa tairi kuukuu. Breki ni kipande kingine cha tairi. Chukudu yangu hushuka kutoka Musienene na magunia ya viazi hadi Butembo bila kuyumba. Nasema hivi si kwa majivuno, ingawa majivuno ninayo. Nasema kwa sababu mke wangu alipokatwa mguu, kila mtu alinitazama mimi: fundi yupo, mbao zipo, mnalia nini?

Siku ile tulikuwa shambani kwetu kwenye kakao, upande wa Beni. Wauaji wenye bunduki walitokea porini asubuhi, watu wakiwa wanavunja matunda. Mke wangu alipigwa risasi juu ya goti. Binti yetu, kifungua mimba wetu, alikuwa mbele yake, na hakuinuka tena. Mimi nilimbeba aliyekuwa bado anapumua. Nimerudia hesabu ile mara elfu, na kila mara jibu ni lilelile: nilimbeba mmoja, nikamwacha mmoja.

Hospitalini walimkata mguu juu ya goti. Tulipokuwa huko, jirani yetu wa shamba alimzika binti yetu palepale chini ya mikakao, kwa haraka, kwani hakuna aliyethubutu kuubeba mwili njia nzima. Sisi wazazi hatukuona hata kaburi likifukiwa. Baadaye tulikimbilia Butembo, kwenye chumba cha nyuma katika kiwanja cha dada yangu.

Mke wangu hakuomba mengi. Alipoanza kukaa vizuri aliniambia neno moja, na akalirudia kila asubuhi kabla hata ya chai:

“Baba ya batoto, unitengenezee muguu. Ninataka kufika ku kaburi ya mutoto.”

Pikipiki ingeweza kutufikisha hadi mwisho wa barabara. Kutoka hapo ni njia ya miguu, mwendo wa saa nzima, na kijito cha kuvuka juu ya gogo. Kwa magongo hapapitiki. Tope la kule humeza magongo. Kupata mguu wa bandia wa kununua ilibidi kufika Goma, na vita vilikuwa vimeifunga njia ya Goma. Basi nilibaki mimi.

Nilianza. Nilifinyanga mfano wa paja lake kwa udongo wa matofali, nikachonga gogo lifanane na ule udongo. Kisha nikachukua bomba pana la plastiki, la maji machafu, nikalijaza mchanga wa moto hadi likalegea kama ugali, nikamwaga mchanga na kulivuta juu ya gogo. Lilipopoa, likawa kikombe cha paja lake. Ndani nikaweka sponji ya godoro na kitambaa cha blanketi. Mikanda niliikata kwenye mkanda wa kiti cha gari bovu. Chini nikafunga mti mmoja wa mkaratusi, mnyoofu, na unyayo wa tairi.

Hapo ndipo nilipofanya uovu wangu.

Mtengeneza chukudu yeyote anajua: ukikosea ekseli kwa upana wa ukucha tu, gari litakupeleka mtaroni. Kupima, tunaning'iniza jiwe kwenye uzi, tunasimamisha mbao kando yake, macho yanaamua. Nilijua kunyoosha, kwa hiyo nilijua pia kupindisha. Ule mti wa mkaratusi niliufunga ukiwa umeegemea nje, kidogo sana, kiasi ambacho jicho la kawaida halikioni. Nilitaka asimame, aende chooni, aende kanisani kwa kushikwa mkono. Nisichotaka ni afike kule. Kule watu walikuwa bado wanakufa, kila wiki tulisikia. Nilijiambia kwamba ninamlinda.

Alianguka mara ya kwanza kiwanjani, akacheka. Alianguka mara ya pili mlangoni pa kanisa, watu wakamwinua. Nilimtengenezea mguu mwingine, nao nikaupindisha. Mara ya tatu alipiga uso kwenye jiwe la kusagia mihogo, jino la mbele likavunjika. Nilimfuta damu kwa shati langu huku nikiilaumu mbao. Nilisema mkaratusi wa siku hizi unakatwa mchanga, haujakomaa. Nilisema mvua. Mungu ananijua, nilisema hata kwamba yeye hakanyagi vizuri.

Njia ya mwongo ni fupi. Mke wangu alishinda karakanani kila siku akichambua maharage, na macho yake hayakukatwa. Siku moja nilirudi kutoka kutafuta tairi, nikamkuta amening'iniza ule uzi wangu kwenye msumari na kuusimamisha mguu wake kando yake.

“Kuja uone,” aliniambia. “Hii jiwe iko inasema nini?”

“Ni mvua imepindisha mbao.”

“Hapana. Chukudu za batu zinaenda sawa. Muguu yangu tu njo inapinda?”

Mimi ni mtu wa hasira, ningeweza kupiga kelele, nilishafungua kinywa. Lakini alikuwa ananitazama na lile pengo la jino.

“Bale ba mu pori balinikata muguu mara moja tu,” alisema. “Weye uko unaikata kila siku.”

“Kule banaua batu, mama.”

“Najua. Mutoto yetu njo iko kule.”

Mguu mnyoofu ulinichukua alasiri moja. Miezi mitatu ya uongo, alasiri moja ya kweli. Niliona aibu ambayo hata sasa nikiandika inanichoma masikio.

Tulikwenda. Pikipiki hadi Beni, kisha hadi mwisho wa barabara, ambapo yule jirani aliyemzika binti yetu alitungoja. Askari wa kizuizi alitutazama, akautazama mguu, akasema, “Vieux, muzee, kule hapana muzuri. Murudie.” Mke wangu alimsalimu kwa adabu na kumpita.

Alitembea saa ile nzima. Kwenye tope unyayo wa tairi ulishika. Kwenye gogo la kijito nilimshika kiunoni, akaniondoa mkono, akavuka mwenyewe. Nilijivuna, katika njia ile ya mauti, nilijivuna kama mjinga.

Matunda ya kakao yalikuwa yameozea mitini, meusi. Jirani alituonyesha: tuta dogo, majani yamelifunika, msalaba wa vijiti viwili. Mke wangu alisimama mbele yake. Kisha alitaka kupiga magoti, na mti wa mkaratusi, usiokunjika, ukakataa. Alijaribu kushuka kwa mguu wake mzima, ule wa mbao ukamtoka mbele, akayumba, akasimama tena. Nilikuwa nimewaza umbali, tope na gogo. Magoti sikuyawaza kabisa.

Niliinama kufungua mikanda.

“Hapana, usiitoe!” jirani alininong'oneza. “Bakikuja, atakimbia aje?”

Niliutoa mguu. Mke wangu alishuka chini, akaweka mikono yote miwili na uso wake kwenye udongo, akaanza kusema na mtoto kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayemsuka nywele. Jirani alingoja kidogo, akatuomba msamaha, akatangulia kurudi barabarani. Simlaumu, ana watoto wa kulea.

Mimi nilibaki nimesimama, nimeukumbatia mguu, uso nimeugeuzia pori. Nilisikiliza kila jani. Nilikuwa mlinzi, nilijiambia.

“Baba ya batoto,” alisema bila kuinua kichwa. “Na weye umusalimie.”

Nilimwambia ninachunga njia.

“Achana na njia. Tangu tumefika haukumuangalia.”

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetazama msalaba, majani, kakao, nimetazama hata siafu, lakini pale alipolala sikupatazama. Na palepale nikajua ule mguu niliupindisha kwa kumwogopa nani. Wauaji niliwaogopa, ndiyo. Lakini niliyemwogopa zaidi ni mtoto niliyemwacha.

Niliuweka mguu kwenye majani, nikapiga magoti kando ya mke wangu. Nilimwambia binti yangu kwamba mama yake alitaka kuja tangu zamani, na kwamba aliyemchelewesha ni mimi.