Mdomo na Shujaa wa Joho Jekundu

Mdomo hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na watu wa banda la video, kwa kuwa miaka ishirini na mitatu aliwasemea wote waliotokea kwenye kioo: jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa. Filamu zilitoka nje kwa lugha ambazo watazamaji hawakuzijua, na usidhani yeye alizijua. Asubuhi aliitazama filamu peke yake hadi mwisho, akazisoma nyuso. Mchana alizima sauti, akashika kipaza sauti, akasimulia.

Dada yake mkubwa, aliyekaa mlangoni kupokea viingilio, ndiye aliyesikia sauti ikianza kukwaruza. Akamburuta hospitali. Daktari akasema ni uvimbe kooni, ukatwe mwezi huo huo, na sauti itakwenda nao.

"Sasa nitaitwa Mdomo kwa lipi, dada? Kwa kula?"

"Kwa kula, ndiyo. Ule, ushibe, uniudhi miaka mingine ishirini."

Mwezi ukapita, na wa pili. Kila akiambiwa, anacheka. "Shujaa huanguka mwishoni, watu wakalia, kisha akasimama. Tulia, dada." Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo ikaja filamu ile ya joho jekundu. Haikuwa ya Wamarekani, ila ya watu wengine waliowaiga mpaka kidevu cha shujaa. Jumba la kuporomoka lile lile, mchumba wa kuokolewa yule yule. Joho lenyewe utasema limekatwa kwenye pazia la sebuleni. Asubuhi hiyo koo lilimuuma Mdomo, akaona hana haja ya kuitazama kwanza.

"Hii naijua hata nikilala."

Saa nane banda likafurika. Alisimulia kwa sauti ya mchanga, na watu wakavunjika mbavu. Mwishowe jumba likamwangukia shujaa. Mchumba akamkumbatia.

"Msilie," Mdomo akasema. "Hesabuni hadi kumi. Ataamka."

Banda zima likahesabu. Kumi ikafika, mkono wa shujaa haukutikisika. Wakamfunika kwa joho lake, maandishi yakaanza kupanda.

"Mdomo, mwongo wewe! Huyo kafa kama kuku!"

"Ataamka," akakiambia kioo cheusi. "Ataamka..."

Neno la tatu halikutoka. Ilitoka damu, ikachirizika kwenye kipaza sauti.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye benchi la hospitali, bila kuburutwa. Daktari akammulika kooni, akazima tochi mapema mno.

"Mngekuja mwezi ule," akasema, akimtazama dada.

Wiki ya sita kitandani nyumbani, sauti imekwisha kabisa, Mdomo alinyoosha kidole kwenye deki ya video. Dada akaweka ile ile ya joho jekundu, akaondoa sauti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawasemea watu wa kwenye kioo. Aliwasemea vibaya. Jambazi alimpa maneno ya mchumba, na mchumba akatukana kama kuli. Mabega ya Mdomo yalicheka, mdomo umekaa kimya.

Jumba likaporomoka. Dada akavuta pumzi.

"Haya, mdogo wangu, tuhesabu."

Mdomo akamshika mkono, akatikisa kichwa. Dada akazima kabla hawajamfunika.