Nilimtafuta Aliyemnyima Dada Matibabu, Nikampata

Niliapa nitamjua mtu aliyemkatalia dada yangu upasuaji wa moyo. Nilipomjua, nilitamani ardhi inimeze.

Iko hivi.

Serikali iliunda tume kuchunguza kwa nini bima ya afya inakataa wagonjwa wengi kiasi kile. Waliniajiri kusoma mafaili yaliyokataliwa, kwa sababu niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja ya bima. Niliacha miaka miwili kabla.

Dada alikuwa hawezi kupanda ngazi tatu bila kukaa chini. Nilimwomba barua ya bima, akasema ameitupa.

Basi nikalitafuta mwenyewe faili lake.

Fomu ya kukataa ilikuwa ya mwezi uliopita. Chini kabisa palikuwa na jina langu, na sahihi yangu.

Daktari mstaafu niliyekaa naye meza moja, tulimwita Miwani, akanitazama.

"Vipi, mbona umeganda?"

"Hamna kitu, mzee."

Uongo mtupu. Nilishaelewa kila kitu.

Kule bima, kila Ijumaa tulisaini rundo la fomu tupu za kukataa ili tuwahi kutoka. Msimamizi angejaza jina la mgonjwa na sababu baadaye. Siku naondoka niliacha rundo zima kwenye droo. Sikuliwaza tena.

Kumbe walikuwa bado wanalitumia.

Kanuni ya tume ilikuwa wazi: fomu ikisainiwa kabla ya kujazwa, faili linafunguliwa upya haraka. Lakini lazima aliyesaini akiri kwa maandishi, na maandishi hayo yanakwenda mahakamani.

Ningeweza kunyamaza. Dada ndiye angelipia ukimya wangu.

Niliandika. Miwani alisoma mara mbili.

"Unajua hii inakupeleka wapi?"

"Najua, mzee."

Wiki iliyofuata dada alipasuliwa. Alipoweza kuinuka na kukaa kitandani nikamweleza yote, nikilia kama mtoto.

Hakushtuka. Alifungua mkoba wake, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Ile aliyosema ameitupa.

"Jina lako nililiona siku ya kwanza."

"Dada! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mdogo wangu? Nilidhani bado unawasainia, na umenichoka."

Mwezi mzima alikuwa anakufa taratibu, akiamini ni mimi nimeamua. Na kila Jumapili alinipokea kwa kicheko.

Niliporudi kazini, Miwani alikuwa ameweka boksi mezani kwangu. Mafaili thelathini na nane, yote yana sahihi yangu.

"Wapigie ndugu zao," akasema. "Waambie yanafunguliwa upya."

Nikapiga simu ya kwanza. Akapokea mwanamke.

"Umechelewa," akasema. "Tulimzika Jumanne."

Bado nina thelathini na saba.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msisaini karatasi tupu hata kama wote ofisini wanasaini. Hamjui Jumatatu wataandika jina la nani.