Machicha ya Yakub

Twaibah alipofiwa na mumewe, alibaki pale Nakaloke, nje ya mji wa Mbale, na ng'ombe mmoja aliyekonda hata ndama akakosa maziwa. Kilichomwinua ni machicha, makapi ya shayiri iliyokwisha kukamuliwa bia. Kaka yake Yakub alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha bia Jinja, na kila wiki alimpa Barasa, dereva Mkenya wa lori lililopita Mbale, magunia ya machicha amfikishie. Twaibah aliyashindilia kwenye pipa, akayafunika nailoni yasioze, akamchanganyia ng'ombe na majani. Ng'ombe akanawiri. Maziwa yakajaa ndoo.

Majirani, wengi wao Waislamu wenzake, walinunua na kusifu. Wakiuliza analisha nini, alijibu, "Pumba tu." Yakub naye aliwaambia watu wa kwao kwamba anafanya kazi kwenye ghala la nafaka. Ulikuwa uongo mdogo, na wote wawili wakauzoea.

Mwezi wa mvua Yakub alianguka ghafla chumbani kwake Walukuba, kulekule Jinja, asiinuke tena. Akaletwa Nakaloke kuzikwa. Matangani, Twaibah mwenyewe alipika chai ya maziwa. Barasa akafika, macho mekundu, akaomba aseme neno.

"Ndugu zangu, huyu alikuwa mtu wa watu. Pale kiwandani hakuna asiyemlilia. Kila wiki lazima aniambie, 'Barasa, mpelekee dada yangu machicha ya bia, ng'ombe wake asilale njaa.' Siku hizi nani ana kaka kama huyo?"

Shangazi yao, Hajati Zamu, akatua kikombe chini taratibu, bila kumtazama Twaibah. Wengine nao wakatua vyao. Twaibah akavikusanya vingali vimejaa, akaimwaga chai nyuma ya nyumba, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, asijue anamlilia Yakub au anajililia mwenyewe.

Shehe alipoulizwa, alisema wazi kwamba machicha hayalevi na maziwa yale ni halali. "Tumesikia, Shehe," watu wakaitikia, wakaendelea kununua kwingine. Mteja aliyebaki ni Khainza, jirani Mkristo mfuga nguruwe, na chupa yake moja ya maziwa.

Barasa alirudi na magunia aliyoyatafuta mwenyewe. Alikuwa ameshasikia. Alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Dada, mimi nilitaka kumsifu tu."

"Najua, Barasa. Na ulimsifu kweli."

"Basi pokea haya."

"Mpelekee Khainza. Nguruwe wake hakuna atakayewauliza wamekula nini."

Ng'ombe, kwa majani matupu ya kiangazi, akapungua maziwa, kisha akakauka kabisa. Twaibah akamuuza kwa mchinjaji. Asubuhi ya kuchinjwa, watu walipanga foleni buchani tangu mapema, Hajati Zamu akiwa miongoni mwao, na nyama ikaisha kabla ya adhuhuri. Twaibah alipika mboga za majani, akafunga mlango, akala peke yake.