Picha Nne za Mama Giza

Mfinyanzi hulia gaeni, na watu wa mtaa ule walilikumbuka neno hilo siku ya mazishi ya mke wa Mzee Tulia. Picha ya marehemu iliyosimamishwa mbele ya waombolezaji ilikuwa imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho. Uso umejaa ukungu, macho yamemtoka kama mtu aliyekamatwa bila kosa, na kwenye bega moja ukingo wa muhuri bado unaonekana. Nusu ya waliosimama pale walikuwa na picha zao ukutani nyumbani, picha za kueleweka, zilizopigwa na mume wa marehemu na kusafishwa na marehemu mwenyewe. Mzee Tulia aliyaona maneno yao machoni, akainamisha kichwa mpaka mwisho.

Jina la Tulia alipewa na wateja. Kamera yake ilikuwa ile ya mbao, ya miguu mitatu, ambayo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi kichwani ndipo aone. Filamu yake haikuwa ya kuviringishwa. Ilikuwa bapa, moja moja, kila moja ukubwa wa kiganja. Kamera ya namna hiyo haimtaki mtu wa kujitingisha. Basi kabla ya kufyatua alisema, "Tulia hapo hapo," kwa sauti ileile kwa wachumba, wahitimu na watoto wenye kamasi, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki mdomoni mwa mkewe peke yake.

Mkewe naye walimwita Mama Giza, kwa sababu himaya yake ilikuwa chumba cha giza nyuma ya studio. Yeye ndiye aliyepakia filamu kwenye vibebeo vya mbao vinavyochomekwa nyuma ya kamera, taa zote zimezimwa, na yeye ndiye aliyezisafisha. Mume hakuingia humo. Alijaribu mara moja ujanani. Mlango ulipofungwa pumzi ikamkata, akatoka akihema, na mkewe akamcheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo wakagawana dunia, mwanaume akachukua mwanga na mwanamke akachukua giza.

"Wewe kazi yako kuchungulia tu," alimtania mbele ya wateja. "Mimi ndiye ninayezaa."

Ila kupigwa picha hakutaka. Binti yao akimwelekezea simu, aliinua kiganja, na kila picha ya familia ile ina mkono wake na haina uso. Alisema ameishi miaka yote akiwatazama watu kwenye negativu, meno meusi, macho kama matundu, na yeye hana hamu ya kujiona hivyo. Mzee Tulia hakumlazimisha. Aliona ni mtu wa nyumbani, yupo, atampiga siku yoyote. Kitu cha kila siku hakuna anayekikimbilia.

Kisha kisukari kikamshika, kikamkausha. Asubuhi moja, bila kuombwa, alijifunga kitambaa cheupe kichwani, kile cha kutokea, akasema, "Leo nipige." Mume alimwuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mama Giza aliingia chumbani kwake kupakia filamu, akakawia huko kuliko kawaida, akatoka na vibebeo viwili na jasho usoni. Mumewe alidhani ni udhaifu wa ugonjwa. Akamkalisha karibu na dirisha, akajifunika kitambaa cheusi, akamwona ndani ya kioo cha kamera, kichwa chini miguu juu kama kamera ile inavyomwonyesha kila mtu, mzuri hata hivyo. Kila kibebeo kina filamu mbili. Alizipiga zote nne. Ya mwisho, alipomwambia mkewe atulie, mama yule alicheka kidogo akasema amekuwa ametulia tangu waoane.

Alisema atazisafisha mwenyewe akipata nafuu. Nafuu haikuja.

Baada ya mazishi Mzee Tulia hakuwa na neno jingine kinywani. Uso wa mkewe ulikuwa umefungiwa ndani ya vibebeo viwili, na duniani hapakuwa na picha nyingine yake iliyo ya maana. Kuzisafisha mwenyewe hakujua. Chupa za dawa za mkewe zilikuwa zimekauka, na chumba kile bado kilimtia woga. Akaanza kuzunguka. Studio za siku hizi zinachapa picha za simu. Msichana wa kaunta moja alimwuliza filamu gani, ya sinema? Mwingine alimshauri anunue simu nzuri, ushauri wa kijinga ambao sijui ungemsaidiaje mtu ambaye mkewe yuko kaburini. Duka kubwa lilikubali kupokea, ila filamu zingesafirishwa nchi ya mbali zikasafishwe na kuskaniwa huko, na bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu afunge studio. Mzee alivirudisha vibebeo kwenye mfuko, akarudi nyumbani miguu ikimwuma na moyo ukimwuma zaidi.

Binti yake, fundi cherehani mwenye mashine yake barazani, ndiye aliyeulizauliza kwa wateja mpaka akampata mtu. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyekaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti. Alisafisha filamu bafuni kwake kwa mapenzi tu, na kuziskani kwa skana ya ofisini yenye taa kwenye kifuniko. Bei yake ilibebeka. Binti akambandika jina la Fundi Bafu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba baba yake akacheka.

Fundi Bafu aliwapokea kwa shikamoo na viti. Alivipokea vibebeo kwa mikono miwili, akauliza filamu ni za lini, nani alizipakia, zimekaa wapi. Kisha akasema angependa kusafisha moja kwanza aione, ndipo ajue zilizobaki azifanyeje. Mzee akauliza kama hilo linaongeza bei. Fundi akakubali kwamba linaongeza, maana dawa ikishatumika mara moja inamwagwa; zikiingia zote nne pamoja ni dawa moja, zikiingia kwa zamu ni dawa mara mbili.

Mzee Tulia alimtazama binti yake. Ile pesa ilitoka kwenye sare za shule alizoshona mpaka mgongo ukagoma. Binti akasema haidhuru, baba, tulipe. Lakini haikuwa pesa peke yake. Kuanza na moja kulimwingia mzee kama tusi. Filamu iliyopakiwa na Mama Giza haikuwahi kujaribiwa.

"Mke wangu hajaharibu filamu hata moja maisha yake yote," alisema. "Weka zote."

"Mzee, una hakika?"

"Weka zote, mwanangu."

Akarudi studio akapigilia msumari ukutani, mahali anapopaona mteja akiingia. Akanunua fremu yenye kioo, akaifuta, akaifuta tena. Majirani walimsikia akipiga mluzi.

Fundi alipompigia binti simu, sauti yake ilikuwa ndogo. Walipanda ngazi, mzee akipumzika kila ghorofa, roho juu. Kwenye kompyuta palikuwa na dirisha, mng'ao wake tu. Palikuwa na ukingo wa kola. Juu yake kilielea kitambaa cheupe cha kichwani, kila mkunjo umetoka, fundo limetoka. Chini ya kitambaa hapakuwa na mtu. Palikuwa peusi.

Fundi akafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Kitambaa, kitambaa, kitambaa. Alieleza kwamba ameongeza mwanga kwenye skana mpaka picha ikawa mchanga mtupu, na bado hakuna kitu. Mzee Tulia alidhani kosa ni lake, kwamba amepima mwanga vibaya kwa sababu siku ile machozi yalikuwa yanamtoka. Alianza kusema hivyo. Fundi akatikisa kichwa, akaziweka negativu juu ya meza yenye taa.

Kwenye kona ya kila filamu bapa kuna mikato midogo, kama vijino. Mpakiaji huipapasa gizani ajue upande wenye dawa ya kunasa picha uko wapi, kwa kuwa upande huo ndio unaotakiwa kuitazama lenzi. Fundi alionyesha alama iliyoachwa na kibebeo ukingoni, kisha akaonyesha mikato. Ilikuwa imekaa upande usio wake. Filamu zote nne zilipakiwa kinyume. Mgongo ndio uliotazama lenzi, na mgongo wa filamu una rangi ya kuzuia mwanga; cheupe kilipenya, uso haukufika.

"Ungeanza na moja," Mzee Tulia aliuliza, "ingekuwaje?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Ningejua zimepakiwa kinyume, mzee. Hizo tatu ningeziacha kwenye dawa muda mrefu zaidi."

"Halafu?"

"Labda uso ungetoka."

Binti akamshika baba yake mkono. Fundi alikataa malipo. Mzee akaiacha pesa juu ya skana, kwa kuwa kazi imefanyika na kosa si la aliyeifanya.

Majuto ni mjukuu, na huyu alimkuta mzee njiani. Alikumbuka sufuria. Mkewe aliinua sufuria jikoni bila kitambaa, akasimama nayo akiongea, mpaka mumewe aliponusa ngozi inayoungua. Mkewe akasema hakuona. Akakumbuka vikombe vilivyomponyoka mkewe akasingizia sabuni, na vifungo vya gauni ambavyo binti alianza kumfungia. Vidole vile vilikuwa vimekufa ganzi kwa kisukari, vidole vilivyokuwa macho yake gizani, naye Mama Giza alilificha hilo. Aliingia chumbani akapapasa mikato asiisikie, akapapasa tena, akatoka na jasho lake, akakaa kwenye kiti akacheka. Mzee alimkasirikia. Alimkasirikia sana, barabarani, mchana kweupe, marehemu asiyeweza kujitetea, na hasira ilipokwisha hakubakiwa na kitu cha kushika.

Walipofika, alipita studio moja kwa moja, akaingia chumba cha giza na kufunga mlango. Pumzi haikumkata. Alitoa negativu moja kwenye bahasha, akapitisha kidole ukingoni. Mikato aliisikia pale pale, bila kuitafuta. Hata mtoto angeisikia.

"Ungeniambia," alisema kwa sauti. "Ningeingia humu mimi."

Binti alibisha hodi, akauliza kama yuko salama. Akajibu yuko salama, na huo ulikuwa uongo. Alikaa humo mpaka aliposikia nyundo ikigonga taratibu upande wa studio, kisha kimya.

Alipotoka, fremu ilikuwa imetundikwa. Binti hakuweza kuuvumilia msumari mtupu, akaukaza, akaweka ndani ya fremu ile picha ya kitambulisho, ya ukungu na muhuri. Alisimama kando na nyundo mkononi, akingoja kukemewa. Baba yake aliitazama, akainyoosha kidogo upande mmoja, akaenda kukaa.

Iko pale hadi leo. Mara mojamoja mteja mgeni huingia akauliza yule mama ni nani, na Mzee Tulia hajibu kabla hajamaliza kukunja kitambaa chake cheusi.

"Ni mke wangu," husema. "Ila hafanani."