Mfuko Niliushika Mimi, Mume Nikamkosa

Admin, jina langu libaki kwako, maana Kigali ni ndogo na mtu ninayemsema bado yu hai. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini, Mwislamu, fundi cherehani, mzaliwa wa Nyamirambo. Miguu yangu haina nguvu tangu utotoni kwa sababu ya polio. Sijaolewa. Watu hudhani ni kwa ajili ya miguu, nami nimewaacha wadhani hivyo zaidi ya miaka thelathini. Leo nimechoka.

Mwaka tisini na moja nilikuwa naishi Kicukiro, kwenye nyumba ya watu wazima wenye ulemavu. Tulikuwa watatu. Mzee Damiani alikuwa kipofu na alisuka viti. Speciose, ambaye akili yake ilikwenda polepole, aliosha vyombo kwenye baa ya jirani. Wa tatu ni mimi na cherehani yangu. Watu wa msaada walitulipia kodi mwaka wa kwanza, kisha wakasema sasa jitegemeeni. Tukakubaliana kila anayepata alete, vyote viingie kwenye mfuko mmoja, humo itoke kodi, makaa, maharage na sabuni. Mfuko nikapewa mimi kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika. Niliufunga kiunoni, hata kulala nililala nao.

Jamani, nilijiona waziri wa fedha! Kila mwisho wa mwezi niliwasomea hesabu kwa sauti, na Mzee Damiani akitikisa kichwa kwa furaha. Nilimpenda mzee yule. Baba yangu alikwisha kufa, na baba mdogo alinipeleka Kicukiro kama mtu anayetua mzigo. Damiani ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimekula.

Halafu akaja Musa, fundi baiskeli wa pale Sonatubes, mjane, mtu mpole. Alinitengenezea gurudumu la baiskeli yangu ya kusukuma kwa mikono na akakataa pesa. Baadaye akawa anakuja hata siku ambazo gurudumu halina tatizo lolote. Mwisho akaniambia atatuma wazee wake kuposa. Wazee walipokwenda kwa baba mdogo, aliwajibu, "Huyo siku hizi ana watu wake Kicukiro. Kamuulizeni mzee wa nyumba." Basi Damiani akawa baba yangu wa posa.

Siku moja kabla wageni hawajaja tulikuwa tunamenya ndizi uani. Damiani akaniuliza, "Mukobwa wanjye, binti yangu, kama wewe iko naolewa, sisi tutalipa nyumba na nini?"

Hapo ndipo nilipojiponza. Badala ya kumtuliza mzee, nikajisifu. Nikampigia hesabu yote pale pale, viti vyake vinaleta kiasi gani, vyombo vya Speciose kiasi gani, cherehani yangu kiasi gani. Nikacheka nikamwambia, "Mzee, bila mimi miezi miwili hamfiki, mtakuwa barabarani!" Aliendelea kumenya ndizi. Mimi nikadhani ananionea fahari.

Wageni walikuja Jumapili. Mimi nilikwenda sokoni, kwa sababu binti hakai kwenye mazungumzo ya posa yake. Niliporudi walikuwa wameondoka, chai imebaki kwenye vikombe. Musa hakuja tena. Nikipita pale Sonatubes aliinamia baiskeli kana kwamba ameangusha kitu.

Speciose alikuwa na tabia ya kurudia alichokisikia, neno kwa neno. Wiki kadhaa baadaye, Damiani akiwa ametoka, Speciose anasugua sufuria, nikamsikia anasema kwa sauti nzito, "Huyu mutoto iko muzuri, lakini iko na kifafa. Kila mwezi iko naanguka. Sisi tunamuficha tu."

"Nani kasema hivyo?"

"Muzee. Ile siku ya wageni."

Sijawahi kuanguka kifafa maishani mwangu. Nilikaa chini ya ile meza ya cherehani nikalia mpaka Speciose naye akalia bila kujua tunalilia nini.

Sikumuuliza Damiani. Ningekwenda wapi? Niliendelea kushona, na kila kodi ilipolipwa aliniambia, "Asante mwana wangu, bila wewe tungekuwa barabarani." Maneno yangu mwenyewe, ananirudishia! Musa alioa mke mwingine, mtaa wa Biryogo. Gauni la bibi harusi lilishonwa na fundi mwingine, namshukuru Mungu kwa hilo.

Mwaka tisini na nne Speciose aliuawa. Mimi na Damiani tulinusurika, kila mtu kwa njia yake, na hatukuishi pamoja tena. Kila Idi mzee hunitumia salamu kupitia mpwa wake, nami hujibu. Hajui kwamba najua.

Juma lililopita mpwa huyo alinipigia simu. "Shangazi, mzee anataka kuja kukaa kwako. Ameuza kiwanja, pesa iko yote. Anasema ushike wewe mfuko, ati hukuwahi kumuibia hata faranga moja."

Ni kweli, sikumwibia. Dada yangu ananiambia nisamehe, mzee aliogopa njaa. Hofu ya njaa naijua, mimi ndiye niliyempa na tarakimu zake. Lakini angeniomba! Angesema mwanangu usituache, ningemwambia Musa tuwatumie chochote kila mwezi, na Musa angekubali. Hakuniomba. Alichukua maisha yangu akayaweka kwenye mfuko wa kodi.

Jana nilijikuta nimeshika kalamu, napiga hesabu ya chakula chake, sabuni yake, dawa zake. Pesa ya kiwanja inatosha. Safari hii sijamtajia mtu tarakimu.

Mpwa anataka jibu Ijumaa. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nisaidieni kuamua. Nimfungulie mlango, au nimwambie hapana, mimi nina kifafa, kila mwezi naanguka?