Kikombe cha Kumngojea Fundi

Mlango wa Mama Pasi ulifungwa kwa komeo la ndani tu. Kitasa kilikuwa kimekufa zamani, na mumewe, fundi seremala, aliahidi kukibadilisha akipata nafasi. Hakuipata. Nafasi yake yote ililiwa na kabati la mjane mmoja wa mtaa wa nyuma, kabati ambalo miaka ilipita na bado lilikuwa na droo za kurekebisha.

Kwa hiyo kila fundi alipochelewa, ilibidi mtu awe macho amfungulie. Watoto walikuwa wamekua na kuhama, kwa hiyo mtu huyo alikuwa mkewe. Kutwa nzima alipiga pasi nguo za watu kibarazani, na jioni, badala ya kujinyoosha, alichemsha kahawa nzito, akainywa bila sukari, akangoja. Asubuhi aliinywa tena ili aamke, na mchana ili asisinzie juu ya pasi.

Mwili ukamshtaki. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa kitako, kama mtu anayekimbizwa asijue na nani. Mkono nao ulitetemeka, na siku moja ukaunguza shati la bwana harusi, mbele kifuani. Akaenda zahanati.

"Kahawa unakunywa, mama?" muuguzi aliuliza.

"Nakunywa."

"Ya jioni ni ya nini?"

"Ya kumfungulia baba watoto mlango."

Muuguzi alimtazama kidogo. "Basi anza kuiacha hiyo. Nyingine upunguze polepole. Ukikata zote ghafla, kichwa kitakupasuka."

Akaiacha ya jioni. Kichwa kilimgonga siku mbili tatu, kisha kikanyamaza, na usingizi ukaja kudai haki yake ya miaka yote. Asubuhi alipofungua komeo, alimkuta mumewe amejikunja juu ya meza ya kupigia pasi, amejifunika shuka la mteja.

"Ulikufa?" mume aliuliza.

"Nililala."

"Nimegonga mpaka majirani wakaamka."

"Na wao hawakukufungulia?"

Usiku wa pili ukawa hivyo hivyo. Baada ya wa tatu alimletea zawadi, ya kwanza tangu kitinda mimba wao aote meno: mfuko wa kahawa, ile ya bei. Alipoona mfuko haufunguliwi, akamtuma dada yake.

"Wifi, ndoa ni kuvumiliana," dada alisema, akipuliza chai aliyokaribishwa. "Kikombe kimoja tu cha jioni kitakuua?"

"Muuguzi anaona hivyo."

"Na kaka yangu alale nje kama mbuzi?"

"Mbuzi hurudi zizini jua likizama, wifi."

Wifi alimaliza chai yake, akaenda kuufikisha ujumbe.

Kesho yake fundi alirudi jua bado liko juu ya mabati. Majirani wawili walitoka kuangalia kama kuna msiba. Alikula, akafuta midomo, akakaa. Giza lilipoingia, mkewe akafunga komeo, akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka.

"Unalala saa hizi?"

"Nalala."

"Sasa mimi nikae na nani?"

"Kaa na mlango," alisema Mama Pasi, akivuta shuka. "Nyinyi mmezoeana."

Fundi alijibu kitu, tena kirefu. Mkewe hakukisikia. Moyo wake ulikuwa unakwenda taratibu, na yeye alikuwa ameshalala.